Milango Mingi, Nyumba Moja: Kamari ya Simu Kisiwani Mombasa

Ukipita Mji wa Kale baada ya sala ya Alasiri, kutoka Ndia Kuu kuelekea Kibokoni, utawakuta wazee barazani na vikombe vyao vya kahawa chungu, dhumna zikigongwa mezani kama ilivyokuwa tangu hapo. Hatua chache mbele utawakuta vijana nao wameketi, lakini hapana meza wala dhumna. Kila mmoja ameinamia simu yake, na kwenye simu kuna kindege chekundu kinachopaa.

Mchezo huo ni Aviator, uliotolewa mwaka wa 2019 na kampuni iitwayo Spribe yenye asili yake Georgia, nchi iliyo kando ya Bahari Nyeusi. Mchezaji huweka dau, ndege hupaa, na nambari huongezeka: mara moja na nusu, mara mbili, mara tano. Akibonyeza kabla ndege haijatoweka, analipwa dau lake kwa kuzidishwa na nambari aliyoifikia. Ndege ikimtangulia, dau limekwenda. Raundi nzima yaweza kwisha kabla hujamaliza kumenya chungwa.

Swali linalozuka sana katika vikao hivyo ni moja: ni tovuti ipi inayolipa? Huyu husema ile ya kijani, yule huapa kwamba ya bluu ndiyo yenye baraka, na wa tatu amehama zote mbili kwa kuwa zimemkaushia. Swali hilo lastahili jibu la dhati, msomaji mpendwa, kwa sababu wanaoliuliza si vijana wa baraza peke yao. Siku hizi huulizwa na mwanafunzi aliyepanga chumba Tudor, na mama aliyerudi kutoka Markiti na mauzo ya siku, na baba aliyebakiwa na nusu ya karo ya shule.

Kamari si jambo jipya mjini humu. Sheria ya kwanza ya Kenya huru kuhusu kamari na bahati nasibu ilipitishwa mwaka wa 1966, na tikiti za Charity Sweepstake zilianza mwaka huo huo. Wenye umri watazikumbuka zikiuzwa barabarani. Kasino zilikuwa mambo ya watalii na matajiri: Florida kule Mama Ngina Drive, na Golden Key ya Tamarind upande wa Nyali. Mtu wa Kibokoni alizijua kwa taa tu. Ili acheze ilimlazimu avae vizuri, atafute nauli, na apite mbele ya macho ya watu. Katika mji wenye Waislamu wengi, na Kurani yenyewe imeitaja kamari pamoja na ulevi, macho hayo yalikuwa kizuizi kikubwa kuliko askari yeyote.

M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, na simu za intaneti zikafuata, kizuizi hicho kiliondoka. Kasino sasa imo mfukoni, haina mlango wala macho ya jirani. Mwaka wa 2017 kijana mmoja alijishindia zaidi ya shilingi milioni 221 kwa kubashiri sawasawa mechi 17, na nchi nzima ikasikia. Kilichosikiwa na wachache ni hesabu yake. Mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu, zaweza kupangika kwa njia 129,140,163. Hata kama ujuzi wa kandanda unapunguza kidogo ugumu huo, bado ni bahari.

Turudi kwenye swali la tovuti ipi. Nenda Biashara Street siku ya Jumamosi ununue leso. Duka la kwanza lina taa kali na muziki, la pili lina muuzaji mcheshi, la tatu linakupa soda. Lakini tazama leso zenyewe: maua yale yale, pindo lile lile, jina lile lile. Zimetoka robota moja. Tovuti za kasino na bingo zimefanana sana na maduka hayo. Zilizo nyingi hazitengenezi michezo yake, bali huikodi kwa watengenezaji. Aviator unaoukuta Betika ndio huo huo unaoukuta SportPesa au Odibets. Anayehama kutoka moja kwenda nyingine ili abadilishe bahati amebadilisha rangi ya kioo tu.

Uingereza, ambako bingo ni mchezo wa mabibi na wajukuu, jambo hili limefika mbali zaidi. Kampuni moja, kama vile Jumpman Gaming, huendesha tovuti nyingi zenye majina na picha mbalimbali kwa leseni moja. Wenyewe huziita tovuti ndugu. Kuna na mitandao ya bingo, kama ule wa Virtue Fusion ulionunuliwa na Playtech mwaka wa 2010, ambapo watu walioingia kwa tovuti tofauti hujikuta katika chumba kimoja, wakisikiliza mipira ile ile ikiitwa. Kulinganisha tovuti mbili za namna hiyo ni kama kulinganisha milango miwili ya ukumbi mmoja.

Bingo yenyewe huenda wengine wetu tukaifahamu zaidi kwa jina la tambola, kama waiitavyo Wahindi wetu. Kadi ina visanduku 27 na nambari 15, nazo huitwa kuanzia 1 hadi 90. Tuseme watu 100 wamenunua kadi moja moja kwa shilingi 50. Zimekusanyika shilingi 5,000. Mwenye ukumbi akichukua 1,000, wachezaji wanagombania 4,000 zilizobaki. Fungu lake amelipata kabla mpira wa kwanza haujaitwa, wala hajali nani atapiga kelele za ushindi.

Hapa kwetu jambo huweza kuwa kinyume: jina moja, wenyewe tofauti. Mnamo Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kamari kwa mzozo wa kodi. SportPesa, iliyokuwa ikiendeshwa na Pevans East Africa, ilifunga shughuli zake nchini Septemba hiyo. Mwaka uliofuata jina likarejea chini ya kampuni nyingine, Milestone Games, na mabishano juu ya jina hilo yakafika mahakamani. Mchezaji aliyeona nembo ile ile kwenye simu yake huenda hakutambua kwamba anashughulika na kampuni nyingine kabisa. Kwa hivyo anayetaka kulinganisha asianze na jina lililo juu ya ukurasa. Ateremke mpaka chini kabisa, kwenye maandishi madogo, atazame jina la kampuni na nambari ya leseni. Zikiwa ni zile zile katika tovuti mbili, amekutana na ndugu. Zisipokuwepo, aifunge. Atakapodhulumiwa hatakuwa na wa kumshtaki.

Je, hakuna tofauti hata kidogo? Ipo, lakini haiko pale watu wanapoitafuta. Chukua ruleti, lile gurudumu la nambari. Aina ya Ulaya ina nafasi 37, nayo hulipa 35 kwa moja. Mtu akiweka shilingi 100 juu ya kila nafasi atatumia 3,700, na atakayorudishiwa, pamoja na dau la nambari iliyoshinda, ni 3,600. Nyumba imebaki na 100, yaani asilimia 2.7. Aina ya Marekani ina sifuri mbili, jumla nafasi 38, na malipo ni yale yale. Hapo nyumba inabaki na 200 katika kila 3,800, zaidi ya asilimia 5. Magurudumu haya mawili huweza kuwekwa bega kwa bega katika tovuti moja, na mchezaji akachagua lile lenye rangi nzuri! Mashine za kubahatisha nazo zina siri yake. Mtengenezaji anaweza kuuza mchezo mmoja katika vipimo kadhaa, na mwenye tovuti akachagua kipimo cha kuwarudishia watu 96 kati ya 100 au 92. Picha ni zile zile, nyimbo ni zile zile. Anayetaka kujua afungue maelezo ya mchezo wenyewe, mahali ambapo wachezaji wengi hawajawahi kugusa.

Lakini hata asilimia hizo hudanganya zikisomwa peke yake. Aviator hutangazwa kuwa hurudisha 97 katika kila 100. Mtu husema, tatu ni nini? Tuseme raundi mbili kwa dakika, dau la shilingi 50. Kwa saa moja ni raundi 120, na jumla ya madau ni shilingi 6,000. Asilimia 3 ya hizo ni 180. Aliyekaa kwenye meza ya ruleti ya kasino halisi, gurudumu likizungushwa mara 40 kwa saa, ameweka 2,000 na kwa wastani kaacha 54. Fungu la nyumba limekaribiana, ila huyu wa simu amepoteza zaidi ya mara tatu kwa sababu ya kasi. Na huo ni wastani. Yupo atakayeondoka na ushindi, akausimulia baraza nzima, na yupo aliyemaliza vyote akanyamaza.

Jambo jingine ni bonasi, na hapa ndipo watu wengi wanapoumizwa. Tovuti inakupa shilingi 1,000 za kukukaribisha, kwa sharti kwamba uzizungushe mara 30 kabla hujatoa kitu. Maana yake ni kuweka madau ya shilingi 30,000. Kwenye mashine inayobakiza asilimia 4, hasara ya wastani ni 1,200. Zawadi ya elfu moja imekugharimu elfu moja na mia mbili. Sharti likiwa mara 10, hasara ya wastani ni 400, na kidogo kuna nafuu. Tofauti ya 30 na 10 ni kubwa kuliko tofauti ya majina yote ya tovuti yaliyobandikwa kwenye mabango, lakini bango huandika 1,000 kwa herufi kubwa na sharti huachiwa wenye miwani.

Serikali nayo ina mkono wake. Sheria ya Fedha ya 2025 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazoingizwa katika akaunti ya kamari, na kodi ya asilimia 5 kwa zinazotolewa. Mtu akiingiza 1,000 zinabaki 950. Akijuta papo hapo na kuzitoa bila kucheza, mkononi zinamfikia 902 na senti 50. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Bodi ya kusimamia kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na mnamo Agosti ikatiwa saini sheria mpya ya kudhibiti kamari inayoleta mamlaka mpya mahali pa Bodi hiyo. Sheria imewakataza walio chini ya miaka 18. Imewakataza, lakini simu ya mama iko mezani usiku kucha, na mtoto anaijua nambari ya siri kwa sababu ndiye anayetumwa kununua unga.

Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la nyumba na si la kijana mmoja. Zamani mcheza kamari alijulikana kwa kutoonekana nyumbani. Wa sasa yuko sebuleni, amelala kochini, na mkewe adhani anasoma habari. Pesa hutoka kidogo kidogo, hamsini hapa na mia pale, hazilii kama noti zilizoibwa kabatini. Dalili huwa nyingine: mkopo wa simu unaolipwa kwa mkopo mwingine, karo inayosemekana imetumwa na shule inadai haijaiona, mwanafunzi anayeomba nauli ya wiki siku ya Jumanne. Kumgombeza mtu kama huyo hakusaidii sana, kwani yeye mwenyewe huamini kwa dhati kwamba yuko sawasawa na tovuti au amepungukiwa kidogo tu. Kumbukumbu huweka ushindi, hasara huziacha zipite.

Kwa wanaotaka kujua ukweli wao, au wa watoto wao wakubwa wakiridhia, njia ipo na haina gharama ya kumwita mtaalamu. Anayetumia M-Pesa abonyeze *334#, aombe taarifa ya akaunti yake ya miezi sita. Achukue kalamu mbili za rangi. Kwa nyekundu apige mstari kila pesa iliyokwenda kwa nambari ya malipo ya kampuni ya kamari, tovuti zote, ndugu na wasio ndugu. Kwa bluu apige mstari kila iliyorudi. Kisha ajumlishe kila rangi kando, jioni moja tulivu, na mwenziwe wa nyumbani akiwa ameketi karibu.