Limfoma ya Burkitt: Saratani ya Watoto Isiyosubiri

Mtoto wa miaka sita huletwa kliniki ya meno akiwa na taya lililovimba na magego yaliyolegea. Hana maumivu makali. Jino hudhaniwa kuwa ndilo chanzo, hung'olewa, na mtoto hurudishwa nyumbani. Wiki mbili baadaye uvimbe umefika kwenye jicho.

Limfoma ya Burkitt ni saratani ya seli B, ambazo ni sehemu ya kinga ya mwili. Ni adimu duniani, lakini huonekana zaidi katika maeneo ya Afrika yenye malaria nyingi. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958. Mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa katika seli za uvimbe huo. Virusi hivyo huwapata watu karibu wote. Malaria ya mara kwa mara huongeza hatari, na hitilafu katika kromosomu huifanya jeni ya MYC ichochee seli kugawanyika bila kikomo. Saratani yenyewe haiambukizwi, wala si matokeo ya kurogwa.

Uvimbe huu waweza kuongezeka maradufu kwa saa 24 hadi 48. Kwa hiyo mtoto mwenye taya au tumbo linalovimba haraka, jicho linalotokeza au miguu iliyopooza ghafla apewe rufaa siku hiyo hiyo, ili achukuliwe kipande cha uvimbe na kupimwa damu, uboho na maji ya uti wa mgongo.

Tiba ni dawa za saratani, si upasuaji. Zinazotumika zaidi ni siklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati. Kabla ya dozi ya kwanza, mgonjwa hupewa maji mengi kwa mshipa pamoja na alopurinoli, kwa sababu seli zinapokufa kwa wingi humwaga asidi ya yuriki na potasiamu, zinazoweza kudhuru figo na kusimamisha moyo. Vinkristini hutolewa kwenye mshipa pekee. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo huua.

Hatari nyingine huja pamoja na furaha. Uvimbe hunywea ndani ya siku chache, na mzazi anayewaza nauli, shamba na watoto aliowaacha nyumbani huamini kwamba mwanawe amepona. Matibabu yakikatizwa, seli zilizobaki huurudisha ugonjwa, na mara nyingi huwa mgumu zaidi kutibika. Basi idadi ya mizunguko, tarehe na namna ya kupata nauli vizungumzwe na mzazi kabla ya dozi ya kwanza. Watoto wengi wanaogunduliwa mapema na kumaliza tiba hupona kabisa.