Gitaa Linalolia Kama Bati: Jaribio la Priampu

Reli ya tawi itokayo Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya risasi. Si risasi ya bunduki, bali ile metali nzito ya kijivu iliyochimbwa katika eneo la Mpanda mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1960. Madini yenyewe yalikuwa galena, yaani kampaundi ya risasi na salfa. Leo Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, na mgodi ule umebaki historia. Hata hivyo risasi, ingawa si ile ya mgodini, ingali inasikika mjini. Imo kwa kiasi kidogo sana katika magitaa mengi makavu yaliyotiwa kinasa cha piezo ili yasikike kanisani au harusini; maana kauri ya vinasa hivyo aghalabu hutengenezwa kwa risasi, zirkoni, titani na oksijeni.

Lalamiko la wapigaji wa magitaa hayo ni moja. Gitaa likipigwa chini ya mwembe lina sauti nene na tulivu. Likiunganishwa moja kwa moja na mikisa, linalia kama bati: nyuzi nyembamba zinachoma sikio, na ule uzi mnene hausikiki kabisa. Mwenye gitaa huambiwa kwamba kinasa ni kibovu, au kwamba gitaa ni la bei rahisi, na wengine huambiwa wanunue priampu, kile kisanduku kidogo kinachowekwa baina ya kinasa na mikisa, kwa kuwa "kinapendezesha sauti". Maneno ya namna hiyo hayamsaidii mnunuzi. Fedha ya kwaya si ya kuchezea, na swali la nini hasa kinachopotea, na kinapotelea wapi, laweza kujibiwa katika maabara ya shule.

Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele fulani zikikandamizwa hutoa chaji za umeme juu ya nyuso zake. Kinasa cha piezo hufanya kazi hiyo hiyo. Uzi unapotetemeka, kauri inabanwa na kuachiwa, na chaji hutokea kwa kufuata mtetemo. Lakini kauri haipitishi mkondo, nayo imebanwa baina ya nyuso mbili za metali. Kila mwanafunzi wa fizikia atakitambua kifaa hicho mara moja: ni kapasita.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Chaji ikishatokea, huanza kuvuja kupitia ukinzani wa chombo kilichounganishwa na kinasa. Mfano wake ni ndoo iliyotoboka. Anayemimina maji polepole hataona ndoo ikijaa, kwani yanatoka kadiri yanavyoingia. Anayemwaga kwa ghafula ataona maji yakipanda kabla hayajatoka. Mitetemo ya polepole, yaani ya sauti nene, huvuja kabla haijapimwa. Mitetemo ya haraka hubaki. Mpaka baina ya hali hizo mbili hupatikana kwa kugawa 1 kwa 2πRC, ambapo R ni ukinzani wa chombo na C ni uwezo wa kinasa wa kuhifadhi chaji.

Chukua kinasa chembamba cha kuwekwa chini ya nyuzi, penye kile kipande cha mfupa au plastiki. Uwezo wake huwa karibu na nanofaradi 1. Mlango wa mikisa wa omu 10,000 unaweka mpaka kwenye mitetemo 15,900 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 tu. Ukikokotoa, unabaki na nusu ya asilimia moja ya nguvu ya umeme ya uzi huo! Mlango wa omu milioni 1 unabakiza asilimia 46. Mlango wa omu milioni 10 unabakiza 98. Kinasa ni kile kile na gitaa ni lile lile.

Kazi ya kwanza ya priampu, basi, si kukuza sauti. Ile iliyo rahisi kuliko zote hupunguza nguvu ya umeme kidogo badala ya kuiongeza. Ni transista moja ya aina ya FET, ambayo lango lake halivuti mkondo karibu hata kidogo, rezista ya omu milioni 10 kutoka langoni hadi ardhi, rezista nyingine ya omu elfu kadhaa kwenye chanzo, kapasita ya mikrofaradi 1 ya kupitisha sauti, na betri ya volti 9. Inapokea chaji bila kuiachia ivuje, kisha inaipeleka mbele kwa nguvu itoshayo kuendesha mikisa. Iwekwe karibu na gitaa, wala si karibu na mikisa. Waya wenyewe ni kapasita ya pikofaradi 100 hivi kwa kila mita, na mita 5 baina ya kinasa na priampu zatosha kula theluthi moja ya sauti.

Jinsi ya kuijaribu ni jambo linalohitaji uangalifu zaidi kuliko kuiunda. Wengi hupiga gitaa bila priampu, kisha wakaiweka, wakasema "afadhali". Jaribio hilo halithibitishi lolote, kwa sababu sikio hupenda sauti iliyo kubwa zaidi hata tofauti ikiwa ndogo, na mkono wa mpigaji haupigi mara mbili sawasawa. Njia iliyo bora ni kuiacha priampu mahali pake muda wote, na kubadilisha kitu kimoja tu: rezista inayounganishwa kando ya kinasa, ya omu 10,000, kisha 100,000, kisha milioni 1, kisha bila rezista yoyote. Hapo hakuna kingine kinachoweza kulaumiwa wala kusifiwa.

Ili uzi uvutwe kwa nguvu ile ile kila mara, huzungushiwa waya mwembamba wa shaba, kama ule unaotolewa katika mota iliyoungua, na waya huvutwa polepole mpaka ukatike. Waya wa unene mmoja hukatika kwa nguvu ileile takriban, jambo ambalo kidole hakiwezi. Sauti hurekodiwa kwenye kompyuta, na programu isiyolipiwa kama Audacity huchora kiasi cha kila mtetemo. Darasa lisilo na kompyuta litumie masikio, lakini kwa utaratibu: sauti zisawazishwe ukubwa, msikilizaji akae kwa kugeuka, na shilingi irushwe kuamua ipi ipigwe. Anayebahatisha ana nafasi 11 tu kati ya 1,024 za kupata majibu 9 au zaidi katika 10. Mwalimu wa hisabati atafurahi kulithibitisha hilo ubaoni.

Jaribio hilo pia huokoa fedha. Diski ya piezo inayotolewa ndani ya king'ora cha saa au mwanasesere mbovu huwa na nanofaradi 20 hivi. Kwa diski hiyo omu 10,000 zinabakiza asilimia 10 ya uzi mnene na 38 ya uzi mwembamba. Ndiyo bati lenyewe. Lakini omu milioni 1 zinabakiza zaidi ya 99. Hakuna priampu ya gharama kubwa itakayoongeza kitu hapo kwa upande wa sauti nene.

Wala priampu haigeuzi piezo kuwa maikrofoni. Mwaka 1952, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco na gitaa lake kavu. Maikrofoni ilisikia hewa iliyotikiswa na sanduku zima. Kinasa kilicho chini ya nyuzi husikia kani ya nyuzi tu, na ladha ya mbao hukifikia kidogo.

Jaribio lifanywe mara mbili, mwezi wa Agosti na tena mwezi wa Januari. Omu milioni 10 ni ukinzani mkubwa mno, kiasi kwamba unyevu wa masika ya Katavi, pamoja na jasho la vidole na mabaki ya dawa ya kulehemu juu ya kibao, huweza kufungua njia ya pili ya kuvujia. Kibao kisuguliwe kwa spiriti, kikauke, kisha kipakwe vanishi. Gitaa lililolia vizuri wakati wa kiangazi likianza tena kulia kama bati mvua zinaponyesha, fundi aanzie hapo kabla ya kumlaumu mpigaji.