Mayai Mawili kwenye Magadi

Chini ya Mlima Hanang, Ziwa Balangida hujaa na kukauka kadiri mvua inavyotaka. Maji yakiondoka, hubaki uwanda mweupe wa chumvi unaoumiza macho. Upande wa Mbulu, ardhi hushuka hadi Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, nalo la magadi.

Fukwe tupu za namna hii ndizo wanazopenda ndege wadogo waitwao vitwitwi, aina moja ikiwa na mkanda wa hudhurungi kifuani. Hawajengi kiota cha maana: kishimo tu, mayai mawili yenye rangi ya udongo. Aina nyingine, iliyopewa jina la Mjerumani Kittlitz, ni hodari zaidi. Ikishtuliwa, huyafukia mayai kwa mchanga kwa miguu, kisha ndiyo ikimbie.

Ujanja huo humhadaa mbweha. Kwato za ng'ombe hazihadaiki.

Nchini Marekani, watu wa kujitolea huzungushia viota vya vitwitwi vigingi na kamba. Huku kwetu kazi kubwa ya kujitolea imekuwa kuhesabu: kila Januari, ndege wageni kutoka Ulaya na Asia wakiwapo, watu wenye darubini huzunguka maziwa ya Afrika kwa sensa ya ndege wa majini inayoratibiwa na Wetlands International. Neil na Liz Baker, waanzilishi wa atlasi ya ndege wa Tanzania, nao wametegemea kumbukumbu za watu wa aina hiyo kwa miongo kadhaa.

Ila kuhesabu si kulinda. Mchunga ng'ombe, anayepita ufukweni kila siku, anaweza kukiona kiota kabla ya mwenye darubini.