Tanzania Machoni pa Dunia

Nje ya mipaka yake, Tanzania hutambulika kwa mambo machache: Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895, nyumbu wa Serengeti, kreta ya Ngorongoro na fukwe za Zanzibar. Yote hayo yako kaskazini na pwani. Mbeya na Iringa hazitajwi sana, ilhali historia ya Nyanda za Juu Kusini inaonyesha vizuri jinsi sifa ya nchi hii ilivyojengwa na jinsi ilivyopata doa.

Habari za nyanda hizi zilifika Ulaya mapema. Tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe chini ya chifu wao, Mtwa Mkwawa, waliwashinda Wajerumani huko Lugalo, karibu na Iringa, na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Mkwawa alipofariki mwaka 1898, kichwa chake kilichukuliwa kupelekwa Ujerumani. Mwaka 1919, Mkataba wa Versailles uliagiza fuvu hilo likabidhiwe serikali ya Uingereza, nalo likarejea Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954. Hivyo Mkwawa alitajwa katika mkataba wa mataifa makubwa miaka 42 kabla ya Tanganyika kupata uhuru, ingawa watu wake hawakuwa na kiti katika mazungumzo hayo.

Baada ya uhuru nchi ilianza kujisemea yenyewe. Chini ya Mwalimu Julius Nyerere, Dar es Salaam ikawa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu 1963. Huko Iringa, kambi ya Mgagao ilipokea wapigania uhuru wa Zimbabwe, ambao mwaka 1975 walitoa Azimio la Mgagao. Heshima ambayo Tanzania inayo kusini mwa Afrika hadi leo ina mizizi katika miaka hiyo.

Reli ya TAZARA inaonyesha kuwa jambo moja laweza kutazamwa kwa macho tofauti. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kuigharamia. China ikatoa mkopo usio na riba. Njia hiyo ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, inayopita Mbeya upande wa Iyunga, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Wengi katika nchi za Magharibi waliiona kama mlango wa ukomunisti kuingia Afrika. Kwa Zambia ilikuwa njia ya kusafirisha shaba bila kuitegemea Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Siasa ya Ujamaa ya Nyerere nayo ilitazamwa hivyo: ilisifiwa kwa elimu ya watu wazima na umoja wa kitaifa, ikalaumiwa kwa kuhamishia watu katika vijiji vya ujamaa kwa nguvu na kwa uchumi uliodorora.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini habari mbaya za Tanzania hazikuhitaji msaada kusambaa. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyohusishwa na imani za kishirikina, yaliitia nchi aibu kubwa. Mwaka 2020 serikali iliacha kutangaza takwimu za ugonjwa wa Uviko-19, nayo ikalaumiwa kimataifa. Uchaguzi wa Oktoba 2025 uliambatana na vurugu, vifo na kuzimwa kwa intaneti, na waangalizi wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) na Umoja wa Afrika wakasema haukufikia viwango vinavyotakiwa. Sifa ya kisiwa cha amani ikatikisika.

Si kila lawama hukubaliwa. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, kuhusu biashara ya sangara Mwanza, ilishinda tuzo Ulaya, lakini mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani kwa kuipaka nchi matope. Miaka 16 baadaye Rais Samia Suluhu Hassan alitumia filamu pia, The Royal Tour, kuitangaza nchi. Mwaka 2024 watalii kutoka nje walizidi milioni 2.1.

Matangazo, hata hivyo, yana mpaka. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, uliolenga kukuza utalii wa kusini, ikiwemo Hifadhi ya Ruaha. Wanavijiji wa Mbarali, Mbeya, walilalamikia kuondolewa katika ardhi na ukatili wa askari wa hifadhi. Aprili 2024 benki ilisitisha kutoa fedha, na mradi ukafungwa mwaka huohuo kabla ya muda wake. Mradi ulioandaliwa kuitangaza Ruaha ukaishia kuipa sifa mbaya, kwa sababu ya madai ya waliokuwa wakiishi jirani nayo.

Filamu na maonyesho ya utalii humleta mgeni mara ya kwanza. Heshima ya nchi huamuliwa na namna inavyowatendea raia wake, wa Mbarali sawasawa na wa Arusha.