Jino lililolegea: Seli zaleta matumaini, lakini si bidhaa ya sokoni

MFANYABIASHARA anayevuka mpaka huchunga mzigo, nyaraka na fedha. Kinachosahaulika mara nyingi ni kinywa. Fizi zikitoa damu wakati wa kupiga mswaki husema zitapona zenyewe, na jino likilegea huling'oa, safari ikaendelea.

Hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi.

Ugonjwa huanza na ukoga, utando wa bakteria unaojijenga pale jino linapokutana na ufizi. Usiposafishwa, fizi huvimba, nyuzi zinazolishika jino kwenye taya hukatika na mfupa unaolizunguka huliwa polepole. Jino lenyewe linaweza kuwa zima, lakini halina tena cha kulishika. Matibabu ya kusafisha mizizi husimamisha uharibifu, ila mfupa uliokwisha kupotea ni vigumu kurudi.

Hapo ndipo watafiti wanapotaka kusaidia. Mwaka 2004, wanasayansi nchini Marekani walitangaza kuwa ndani ya nyuzi hizo zipo seli shina, yaani seli zinazoweza kujenga upya tishu zilizoharibika.

Nchini Japani, madaktari wa Chuo Kikuu cha Tiba cha Wanawake cha Tokyo, akiwamo Takanori Iwata, walizijaribu kwa wagonjwa 10. Kila mgonjwa aling'olewa jino asilolihitaji, kama vile gego la mwisho, na seli za kwenye mzizi wake zikaoteshwa maabara. Sahani maalumu zilizotumika hushika seli zikiwa na joto la mwili. Zikipoa chini ya nyuzijoto 32, seli hubanduka zikiwa zimeshikamana kama karatasi nyembamba. Karatasi tatu zilipangwa pamoja, zikabandikwa kwenye mzizi wa jino lililoathirika, na shimo la mfupa likajazwa chembe za madini ya kalsiamu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita mfupa uliongezeka kwa wastani wa milimita 2.3. Hata hivyo, hapakuwa na kundi la wagonjwa wasiopewa seli ili kulinganisha.

Ulinganisho huo ulifanyika China. Katika utafiti wa wagonjwa 30 uliochapishwa mwaka 2016, baadhi walipewa seli pamoja na chembe za mfupa wa ng'ombe, wengine chembe pekee. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kuwa seli ndizo zilizosaidia.

Kwa hiyo anayekuuzia leo sindano, vidonge au dawa ya meno "yenye seli shina" ili kukaza meno, anakuuzia kitu ambacho hata maabara hizo hazijakithibitisha. Seli za utafiti zilitoka kwa mgonjwa mwenyewe na kuwekwa kwa upasuaji. Haziuzwi kwenye chupa.

Kinachofanya kazi kinajulikana: mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, kuacha tumbaku, na kudhibiti kisukari kwa walio nacho. Fizi zikitoa damu mara kwa mara, nenda kwa daktari wa meno kabla jino halijalegea. Kuosha ukoga ni rahisi kuliko kuotesha mfupa.