Msanifu asikabidhi funguo na kutoweka

Bomba likipasuka ndani ya ukuta wa jumba la kukodisha kule Kihunguro, Ruiru, au Makongeni, Thika, kazi huanza kwa kubahatisha. Fundi hugonga vigae kwa mpini wa nyundo huku ametega sikio, hutoboa hapa, akikuta pakavu huhamia pale. Koki ni moja tu, ya jumba zima, hivyo wapangaji wote hukaa bila maji hadi jioni. Keateka hana mchoro wa kumwonyesha. Michoro ilipigwa mihuri ya idhini, jengo likasimama, na msanifu hajaonekana tena.

Lawama humwangukia keateka. Ila bomba lipite wapi na koki ziwe ngapi ni mambo yaliyoamuliwa mezani, kabla hata msingi haujachimbwa.

Katika miji kama Ruiru na Thika, suala hili lina uzito wa pekee. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, ukawa mji wa nne kwa wakazi nchini Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu. Majumba yanayowahifadhi watu hao yataendeshwa kwa miongo mingi, na gharama ya kuyaendesha italipwa kila mwezi.

Chukua mita za maji. Wenye nyumba wengi wanataka kila mpangaji alipie anachotumia, ikiwezekana kwa tokeni. Kama kila nyumba ililetewa bomba lake kupitia koridoni, mita hufungwa bila kuvunja chochote. Lakini kama maji hushuka kutoka tanki la juu kwa mabomba kadhaa, moja likilisha jikoni zote za mstari mmoja na jingine vyoo vyote, hakuna mahali pa kuifunga. Mita zipo madukani. Kilichokosekana ni uamuzi siku ya kuchora.

Sheria nayo imeanza kubana. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 ziliwataka wanaotumia uniti 180,000 za umeme au zaidi kwa mwaka wakaguliwe matumizi yao kila baada ya miaka 3. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2020 nayo inawapa wenye fleti shirika lao la kuliendesha jengo. Shirika hilo litashika nini bila michoro inayoonyesha jengo lilivyojengwa hasa?

Uingereza kuna utaratibu wa kuzuia hali hii, uitwao Soft Landings, na wazo lake lilitoka kwa msanifu, Mark Way. Mwongozo wa utaratibu huo wa 2009 unawataka waliobuni jengo wabaki nalo hadi miaka 3 baada ya kulikabidhi, wakipima linavyotumia umeme na kuwasikiliza wanaolitumia. Kwetu, muda wa kurekebisha kasoro kwa kawaida ni miezi 6, usiotosha hata kuona misimu yote miwili ya mvua.

Kweli, pampu na lifti ni kazi ya wahandisi. Lakini kazi zao zote hukutana kwenye mchoro wa msanifu. Ndiyo maana uongozi unamfaa yeye. Chuo Kikuu cha JKUAT kule Juja, katikati ya Ruiru na Thika, hufunza wasanifu: wanafunzi wangeweza kupimishwa majumba ya jirani yaliyokwisha kukaliwa.

Anayejenga leo asingoje sheria nyingine. Azuie sehemu ya malipo ya mwisho hadi apewe michoro halisi, orodha ya koki na swichi zote, na ahadi ya maandishi kwamba msanifu atarudi kulikagua jengo likiwa na watu.