Utangulizi: Pesa Ndogo na Madeni ya Goma

Mzazi wa Goma akibanwa na minervali, yaani karo, ya mtoto wa sekondari, na mshahara bado haujaingia, kuna mlango mmoja usiokosa kufunguka: Banque Lambert. Si benki. Ni mtu wa mtaani mwenye pesa, anayepokea kadi ya benki, karatasi za kiwanja au simu kama rehani, na kukupa dola siku hiyohiyo. Riba hupatanwa kwa mwezi. Asilimia 30 kwa mwezi haimshangazi yeyote, na wapo wanaodai nusu nzima. Elimu ninayokukaribisha kuisoma, msomaji mpya, ni ile inayochunguza namna watu wa kipato kidogo wanavyokopa, wanavyoweka akiba na wanavyojinasua kwenye madeni. Naianza na Banque Lambert kwa sababu kila mbinu ya kubana matumizi lazima ipimwe mbele ya riba hiyo.

Tupige hesabu, tukidhani kwa sasa kwamba mkopeshaji anapokea mtaji hata kidogokidogo. Umekopa dola 100 kwa asilimia 30 kwa mwezi. Ukilipa dola 30 kila mwezi, hiyo ni riba tupu. Mwaka ukiisha umeshatoa dola 360 na bado unadaiwa 100 zilezile. Ukilipa 35, deni linaisha mwezi wa nane, na kwa jumla umetoa kama dola 261. Ukiweza 40, linaisha mwezi wa sita, kwa dola 212 hivi. Basi mtu ambaye hatatoka kamwe na mtu atakayetoka katika miezi minane wametenganishwa na dola 5 kwa mwezi, yaani faranga mia chache kwa siku.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema kwamba akiba ndogo ya maskini ni jambo la kuhubiriwa tu, kwamba umaskini unahitaji mambo makubwa. Unayahitaji, ndiyo: amani, barabara, mishahara inayolipwa. Lakini pale ukingoni, ambapo malipo yanalingana na riba, faranga mia chache ndizo zinazoamua. Sikubaliani pia na wale wanaosifia akiba bila kutaja riba. Mama anayeficha dola 5 kila mwezi chini ya godoro huku dola 100 za Lambert zikizaa 30 anazidi kuzama, hata kama kila jioni anajiona mwenye nidhamu.

Swali la kwanza la taaluma hii basi ni hili: faranga hizo hutoka wapi katika nyumba ambayo tayari haina cha kupunguza?

Tazama makala, yaani makaa ya kupikia. Nyumba nyingi za Goma hupikia makala, na sehemu kubwa ya makala hayo hutoka kwenye misitu ya Virunga na viunga vyake. Mwenye pesa hununua gunia. Asiye na pesa hununua kifuko cha kupikia siku moja, kisha kesho kingine, na ukivijumlisha vifuko vya mwezi utakuta amelipa zaidi ya bei ya gunia kwa makala yaleyale. David Caplovitz alionyesha jambo la namna hii New York katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu jinsi maskini wanavyolipa zaidi, na wanafunzi wangu wa mitaa ya Majengo na Ndosho hulielewa kabla sijamaliza sentensi. Wanalijua tangu utotoni, kwenye mafuta ya kupikia yanayouzwa kwa vifuko na sabuni inayouzwa kwa vipande.

Sasa angalia wanachofanya majirani. Wanawake watatu wa kiwanja kimoja huchanga na kununua gunia, kisha hugawana kwa kopo, mbele ya macho ya wote. Maharage hulowekwa usiku ili yaive upesi, na sufuria hufunikwa. Anayeweza hununua jiko bora lenye kuta za udongo, linalokula makala kidogo kuliko lile la bati tupu. Ukimwuliza kila mmoja amepata nini, atakutajia kiasi kidogo sana, pengine kwa aibu. Mwanafunzi mzuri hatapuuza jibu hilo. Ataliandika, ataliweka kando ya deni la nyumba hiyo, na kuangalia kama linatosha kuvuka ule ukingo wa dola 5.

Kupata faranga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzilinda zisiyeyuke. Pesa iliyo mkononi Goma ina wadai wengi: mtoto mwenye homa, shangazi aliyefika kutoka Masisi akikimbia vita, kilio mtaani, askari barabarani, na tamaa ya mwenyewe. Mtu asiye na faranga hata moja jioni mara nyingi si mfujaji. Ameshindwa kukataa, na kukataa kuna gharama yake, kwa sababu shangazi wa leo ndiye atakayekupokea kesho ukihama wewe. Parker Shipton, aliyeandika kwa miaka mingi juu ya Waluo wa Kenya, alilionyesha hili kwa kina: mikopo na amana baina ya ndugu ni sehemu ya undugu wenyewe, na mtaalamu anayeihesabu kama hasara tu hajaelewa anachokihesabu.

Kwa hiyo watu hulipia ulinzi. Kinshasa na miji mingine ya Kongo kuna mtindo wa kadi ambao wasemaji wa Lingala wanauita bwakisa carte. Mkusanyaji hupita kila siku, mteja humpa kiasi kilekile, kisanduku kimoja cha kadi hutiwa alama, na mwisho wa mwezi mteja hurudishiwa pesa zake, ila malipo ya siku moja yanabaki kwa mkusanyaji. Hapa akiba hailipwi riba. Mwenye akiba ndiye anayelipa. Stuart Rutherford alikutana na biashara kama hiyo Vijayawada, India, ambako mama aliyeweka rupia 1,100 kwa siku 220 alirudishiwa 1,000, na akaondoka ameridhika. Wachumi wa shule ya zamani wangeona ujinga. Ukifikiri kidogo utaona kwamba mama huyo alinunua kitu halisi: mtu anayekuja mlangoni kila siku, na mahali ambapo mkono wa nyumba haufiki.

Kuna jaribio moja ambalo kila mgeni wa fani hii anapaswa kulisoma mapema. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika andiko lao la mwaka 2013, waliwafuatilia wanachama wa vikundi vya kuchangiana magharibi mwa Kenya. Wengine walipewa sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo wake, waweke akiba ya mahitaji ya afya. Wengine walipewa sanduku kama hilo, lakini ufunguo ukabaki kwa mtu wa mradi. Wengine waliweka mfuko wa afya ndani ya kikundi chao. Ungetarajia sanduku lisilofunguka lishinde. Halikushinda. Sanduku ambalo mwenyewe ana ufunguo wake liliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa thuluthi mbili na zaidi, na mfuko wa kikundi ukayafanya yazidi maradufu. Watu hawakuhitaji kufungiwa. Walihitaji pesa iliyokwisha kupewa kazi, ili wapate neno la kumwambia shangazi, na walihitaji wenzao wajue.

Hilo ndilo jambo nitakalolitetea katika kitabu hiki chote: mazoea madogo humtoa mtu kwenye deni pale tu akiba inapopewa kazi yake, tarehe yake, na mashahidi.

Likelemba inafanya hivyo kwa urahisi wa kupendeza. Wauza samaki wadogo wa sambaza kumi wa soko la Kituku hutoa kiasi kilekile kila jioni au kila juma, na zamu ikimfikia mmoja anachukua zote. Clifford Geertz aliandika juu ya vyama vya aina hii mwaka 1962, Shirley Ardener akavilinganisha duniani kote mwaka 1964, na tangu hapo vimeonekana katika jamii nyingi za wafanyabiashara wadogo. Kwa mwenye deni la Lambert, likelemba ina faida ambayo vitabu huitaja kwa uchache. Wakopeshaji wengi hawapokei mtaji vipandevipande. Wanataka riba kila mwezi, au pesa zote kwa mkupuo. Dola 5 za ziada basi hazipokelewi hata ukizileta. Zamu ya likelemba ndiyo inayozigeuza kuwa mkupuo.

AVEC, kama tunavyoviita hapa vikundi vya kuweka na kukopa, vimekwenda mbali zaidi. Mtindo huu ulianzishwa na shirika la CARE pamoja na wanawake wa Maradi, Niger, mwaka 1991, na umeenea sehemu nyingi za Kivu. Kaa katika kikao kimoja na uangalie mikono. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu, na mwenye kulitunza sanduku si mmoja wao. Kila mwanachama hununua hisa moja hadi tano, na kila hisa hugongwa muhuri katika kijitabu chake, ili hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri. Pesa huhesabiwa mezani kwa sauti. Faini ya kuchelewa hulipwa hapohapo, mchango wa misiba na magonjwa huwekwa katika mfuko wake, kisha kabla ya kufunga kila mtu hutakiwa kukariri kiasi kilichobaki, ili juma lijalo asiwepo wa kudanganya.

Kwa desturi mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya hisa zake, kwa miezi mitatu. Mwenye akiba ya dola 34 anaweza basi kukopa 100. Ikiwa kikundi kinatoza asilimia 10 kwa mwezi, riba ambayo mtu wa Ulaya ataiona ya kikatili, na akalipa 40, kisha 40, kisha 41 hivi, deni limekwisha kwa dola 121. Kwa Lambert, malipo ya 40 kwa mwezi yangemgharimu 212. Tofauti ni dola 91, na sehemu ya riba aliyolipa humrudia wakati wa mgawo wa mwisho wa mzunguko. Kuhamisha deni kutoka mlango mmoja hadi mwingine kumemwokoa zaidi kuliko kubana makala kwa miezi mingi; lakini asingefika kwenye mlango huo wa pili bila hisa za dola 34, na hisa hizo zilitoka kwenye makala.

Usidhani kwamba watu wa Goma wanapenda masanduku kwa kutojua benki. Wanazijua vizuri. Desemba 1979 Rais Mobutu alifuta noti za zaire 5 na 10 na kuwapa watu siku chache tu za kubadili. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 za zamani ziligeuzwa zaire mpya 1, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga 1. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkeno ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika mitaa ya biashara. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji, benki zilifunga milango. Mwenye salio kubwa hakuweza kununua unga, noti zilizochakaa zikawa ugomvi sokoni, na mwenye simu akalazimika kumlipa wakala zaidi ili apate pesa taslimu. Mtu aliyeishi haya anapoweka akiba kwa dola, kwa mbuzi, kwa mabati au kwa majirani, anagawa hatari. Janet MacGaffey na wenzake, akiwemo Vwakyanakazi Mukohya aliyechunguza biashara ya Kivu Kaskazini, walituonyesha mwaka 1991 kwamba uchumi usioandikwa wa Zaire ulikuwa ndio uchumi wenyewe. Anza na kitabu chao.

Vikundi navyo huvunjika, na uchunguzi unaoficha hilo hauna faida. Vita vikitawanya mtaa, mwenye zamu ya mwanzo yuko Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na pesa za wote, na wa zamu ya mwisho yuko kambini mikono mitupu. Mwenyekiti mwenye sauti kubwa hujikopesha. Mume hudai kijitabu. Haya yanastahili sura nzima, na yatapata.

Jambo la mwisho kabla hujaingia mtaani. Si kila deni ni ugonjwa. Mama anayevuka mpaka wa Petite Barrière na nyanya alizokopeshwa alfajiri, akazilipia jioni, ana mtaji. Ukimshauri aache kukopa umemwondoa sokoni. Kwa hiyo katika kila nyumba orodhesha madeni yote kwanza: la duka, la mwenye nyumba, la shule, la ndugu, la Lambert. Andika riba ya kila moja, na nini kitatokea lisipolipwa. Fanya hivyo juma kwa juma, siyo mara moja, kwa sababu pesa za Goma huingia na kutoka kwa siku. Majina usiyaandike. Daftari la madeni likipotea mjini hapa linaweza kumfikia mtu mwenye bunduki, au mume ambaye hakuwa na habari. Tumia namba, ufunguo wa namba hizo ukae mahali pengine, na kila mara kazi ikiisha, mwachie mwenye nyumba nakala ya hesabu zake, kwa Kiswahili anachokisoma, aone ni mwezi gani, kwa kiasi gani, deni litaisha.